SIMU: YAKUSOMESHA AU YAKUSOMA?

Mazungumzo na vijana pamoja na wazazi wao katika darsa za mwezi wa Ramadhan

 



Vijana wangu, na nyinyi wazazi mliokuja kusikiliza, na wewe ndugu msomaji ambaye pengine wayasoma haya umeegemea ukuta baada ya tarawehe. Nimepewa mada ya elimu na simu ya mkono. Najua wengi mmejitayarisha kusikia moja katika mawili. Wazazi mwangoja nizilaani simu, ili mkifika nyumbani mpate ushahidi. Vijana mwangoja niseme kwamba dunia imebadilika na asiye na simu ya tachi amepitwa na wakati, ili na nyinyi mpate ushahidi wenu. Mimi leo sitampa mtu ushahidi. Nina swali moja tu: hiyo simu yako yakusomesha, au yakusoma?

Kumsomesha mtu twajua ni nini. Kumsoma mtu ni kumtazama mwendo wake, anapenda nini, anachoka saa ngapi, anababaika wapi, mpaka ukamjua kuliko anavyojijua. Mwalimu mzuri humsoma mwanafunzi ndipo akaweza kumsomesha. Tapeli naye humsoma mtu, lakini kwa ajili nyengine. Simu za leo zaweza kazi zote mbili, na ufundi wenyewe ni ule ule. Hapo ndipo penye maneno.

Turudi nyuma kidogo, kwenye vyuo vyetu vya zamani, vya Lamu, Pate, Siyu, Malindi na Mombasa. Mtu akipita nje alisikia kelele tupu. Kelele zile zilitokana na kuwa kila mtoto ana somo lake. Huyu yuko kwenye herufi, yule kwenye irabu, mwengine ameshaingia juzuu ya Amma, na yule mkubwa pale pembeni yuko ndani ya msahafu. Mtoto huitwa mbele, akasoma, mwalimu akasikiliza. Akiwa sawa, husogezwa mbele. Akikosea, hurudi akakaa na ubao wake mpaka somo limkae. Hakuna aliyeambiwa kwamba leo chuo kizima twasoma ukurasa wa kumi na mbili, ukiwahi umewahi, ukiachwa shauri yako. Aliyehitimu kwa miaka miwili alihitimu, na aliyehitimu kwa miaka minne pia alihitimu.

Sasa wako watu wakizungumza habari za vyuo hivyo huvifanya pepo. Hazikuwa pepo. Bakora ilifukuza watoto wengi, na wengine walihitimu bila kujua maana ya neno moja katika walichokisoma. Ndiyo sababu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitoa kwa Kiswahili na Kiarabu, si kwa Kiarabu peke yake. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akamaliza kazi ya tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, ikachapishwa kamili mwaka 1969. Wazee hawa walitumia chombo cha zama zao, yaani mtambo wa kuchapa, kuifikisha elimu pale alipo mtu na kwa lugha anayoota nayo usiku. Kwa hivyo kumfuata mwanafunzi alipo si jambo lililoletwa na simu.

Wala si jambo la pwani peke yake. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Muqaddima yake kuwa fani yoyote ipitishwe kwa mwanafunzi mara tatu: mara ya kwanza kwa jumla, mara ya pili kwa ufafanuzi, na mara ya tatu mafundo yote yafunguliwe. Na akasisitiza mwalimu aangalie akili ya huyu aliye mbele yake inabeba kiasi gani. Kuna anayehitaji mara zote tatu, kuna anayefahamu kwa chini ya hapo. Kabla yake, yapata miaka 800 iliyopita, Az-Zarnuji aliandika kijitabu cha adabu za kutafuta elimu ambacho mpaka leo chasomeshwa katika madrasa nyingi. Humo ametoa mpango wa kudurusu: somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la kabla yake mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Yaani somo jipya ulirudie sana, na lile la zamani usiliache ghafla bali ulipunguzie polepole.

Kumbukeni mpango huo, manake huko Ujerumani mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu baada ya kujijaribu mwenyewe, akipima vipi mtu husahau alichokihifadhi. Aliona usahaulifu ni mwingi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio ya mkupuo mmoja. Kutokana na mambo hayo zikaja programu za kudurusu kama Anki, iliyotoka mwaka 2006. Programu hukuuliza neno, nawe wasema ulilijua kwa wepesi, kwa tabu, au hukulijua kabisa. Ulilolijua kwa wepesi halitarudi mpaka baada ya siku kadhaa. Lililokushinda litarudi leo leo. Wawili mnaweza kuwa na maneno yale yale ya Kiarabu mia tano ndani ya simu, na kila mmoja akapewa mengine kila asubuhi, kwa sababu kila mmoja amesahau vyake.

Hiyo ndiyo maana ya elimu inayojirekebisha kumfuata mwanafunzi. Wala hakuna uchawi hapo. Chombo huuliza, hutazama jibu, halafu huamua la kuuliza baadaye. Ukikosea hesabu ya kutoa yenye kukopa, programu iliyotengenezwa vizuri haikupi tena swali lile lile ili ukosee tena. Hukurudisha nyuma ikutazame kama wajua thamani ya makumi na mamoja. Ni kazi ile ile ya maalim wa chuoni.

Kwa nini basi tuhitaji mashine ifanye kazi ya maalim? Kwa sababu maalim ameelemewa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo hapa Kenya, na lilikuwa jambo la kheri, madarasa yalifurika. Mwalimu mmoja, watoto themanini, na ukurasa ni mmoja. Mwaka 2005 watafiti walifanya majaribio katika shule 121 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias zilizokuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza. Kila shule iliongezewa mwalimu, darasa likagawanywa mawili. Nusu ya shule watoto waligawanywa ovyo ovyo tu, nusu nyengine waligawanywa kwa kiwango walichofikia. Mngetegemea nini? Wengi tungesema wale wazito watazidi kuachwa. Haikuwa hivyo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, katika shule zilizogawa kwa kiwango, wale wa juu na wale wa chini wote walikuwa mbele ya wenzao wa zile shule nyengine. Mwalimu aliyekuwa na watoto waliokaribiana aliweza kuwafundisha kuanzia pale walipo.

Kumbe basi tatizo la mtoto wako anayeitwa mzito huenda halimo kichwani mwake. Huenda somo lake liko vituo vitatu nyuma, na basi lilishaondoka.

Nyinyi mlio na watoto shuleni mwakumbuka habari za vishikwambi. Ahadi ilitolewa kwenye kampeni za mwaka 2013, vikaanza kugawiwa mwaka 2016, na hatimaye vikapita milioni moja katika shule za msingi za umma. Mimi sikuupinga mradi ule. Lakini kifaa kinachobeba ukurasa ule ule kwa watoto wote ni kitabu chenye betri, basi. Thamani ya kifaa si mwangaza wa kioo chake. Nauliza, je, chajua mtoto huyu alikwama wapi jana?

Na kwa hilo hata mulika mwizi yatosha. Msicheke. Hapa Kenya kuna vijana waliotengeneza masomo ya arafa, yaani ujumbe mfupi, tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Eneza ndiyo mashuhuri zaidi, na huduma yake ya Shupavu ilitumika hadi vijiji visivyo na intaneti. M-Shule nayo ilianza Nairobi kwa fikra ya kumtumia mtoto maswali ya arafa yanayofuata majibu yake. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na nyengine zisifunguke kwa madarasa yote hadi Januari 2021, kulikuwa na nyumba nyingi ambazo kitu pekee kilichobaki baina ya mtoto na masomo ni simu ya babake, nayo babake akirudi nayo usiku.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wakati huo huo wa korona, huko Botswana kulifanywa jambo ambalo kila jumuiya ya vijana ingefaa ilijue.

Walichukua familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi. Wakazigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza walitumiwa arafa kila wiki zenye hesabu chache za kufanya nyumbani. Fungu la pili walitumiwa arafa hizo hizo, na juu yake mwalimu akapiga simu mara moja kwa wiki, dakika kama kumi na tano au ishirini, mzazi na mtoto wakiwa pamoja wakisikiliza. Fungu la tatu hawakupewa kitu, wawe wa kulinganishwa nao. Hakuna kishikwambi, hakuna video, hakuna intaneti. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na simu ya kawaida kabisa.

Baada ya wiki chache wakawapima. Arafa peke yake haikuleta tofauti ya kutajika. Arafa pamoja na sauti ya mwalimu ilileta maendeleo ya wazi ya hesabu. Na waliyatumia pia majibu ya mtoto kumpangia somo linalomfaa, asiyejua kutoa afundishwe kutoa, anayejua kuzidisha asogezwe kwenye kugawanya. Baadaye jambo hilo likarudiwa katika nchi nyengine tano, zikiwemo Kenya na Uganda, na simu za kuongea zikasaidia huko pia.

Angalieni vizuri. Simu ile ile, maswali yale yale. Tofauti ilikuwa mtu upande wa pili anayesikiliza, akasema, "Haya, umepata 14, hebu niambie umepataje?" Hata kule Delhi, India, ambako programu ya kompyuta iitwayo Mindspark ilisifiwa sana, na kwa haki, habari ni hiyo hiyo. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto wa darasa la sita walikuwa zaidi ya madarasa mawili nyuma katika hesabu, na kwa miezi minne na nusu wakaendelea vizuri sana. Lakini watu wakiisimulia husahau kutaja kuwa kila siku nusu ya muda mtoto alikuwa na kompyuta, na nusu nyengine alikuwa na msaidizi, mtu mzima, katika kikundi kidogo.

Wallahi mimi nilipoyasoma haya nilikumbuka moja kwa moja vile Kurani inavyosomeshwa. Kurani haichukuliwi kwa macho peke yake. Huchukuliwa kwa mdomo wa aliyechukua kwa mdomo wa aliyemtangulia. Mwanafunzi husoma, mwalimu husikia, akarekebisha. Ndiyo maana hata leo, misahafu imejaa kila rafu, mtu hutafuta wa kumsomea.

Tuseme sasa habari za vyombo vyenyewe, manake najua ndivyo mlivyojia.

Kuna ile kalamu inayosoma, ambayo mahujaji wengi hurudi nayo. Wengine hudhani ina jini ndani. Ukurasa wa msahafu ule umechapishwa vidoa vidogo mno ambavyo jicho halivioni. Kwenye ncha ya kalamu mna kamera ndogo, husoma vidoa, ikajua hapa ni aya gani, ikatoa sauti ya msomaji iliyohifadhiwa ndani yake. Haihitaji intaneti wala bando, na haimtangazii mtu biashara. Kwa bibi ambaye macho yamepungua lakini kidole kinaweza kufuata mstari, ni zawadi kubwa. Ila haikusikii. Itakusomea aya mara mia, na wewe ukaikosea mara mia, na haitasema kitu.

Kuna programu za simu ambazo unachagua aya moja irudiwe mara kumi, na msomaji apunguze mwendo. Sisi tuliorudisha nyuma kanda za kaseti kwa kalamu ya wino ili tuokoe betri twajua hii ni neema ya kiasi gani. Na sasa kuna zinazosikiliza. Tarteel ilianza mwaka 2018 kwa vijana wa Kiislamu wa Amerika ya Kaskazini waliowaomba watu duniani wawatumie sauti zao wakisoma, ili kompyuta ijifunze kuifuata Kurani. Leo ukisoma kwa kichwa na ukaruka neno, au ukaingia aya ya sura nyengine inayofanana, programu ya namna hii yaweza kukuonyesha. Mwenye kuhifadhi anajua tabu ya kutafuta mtu wa kukushikia msahafu saa kumi alfajiri. Lakini kukamata neno lililorukwa ni jambo moja, na kukamata dhaa iliyotoka mahali pa zaa ni jambo jengine. Kwa hilo la pili sikio la mwalimu aliyepikwa ndilo ninalolitegemea. Durusu na simu, kisha msomee maalim.

Na kuna ndugu zetu wasioona. Ndani ya simu nyingi za Android mna kitu kiitwacho TalkBack, kinachosoma kwa sauti kila kidole kinachogusa kwenye kioo. Kiko tayari ndani ya simu, hakilipiwi. Kijana mwenye dakika ishirini aende akamuwashie jirani yake, amfundishe, halafu arudi kesho yake kwa sababu siku ya kwanza hawezi kushika yote.

Mengine yatajibu masuali. Hizi programu za akili unde ambazo wauliza kwa Kiswahili zikakujibu kwa Kiswahili, kwa kueleza hesabu au kukusahihishia insha zina manufaa. Katika dini tahadharini nazo mno, kwa sababu huweza kukutungia hadithi isiyokuwepo, ikaipa na kitabu na namba, kwa lugha tamu kabisa. Zikikutajia hadithi, hiyo ni khabari ya kwenda kuuliza, si ya kutuma kwenye vikundi vya WhatsApp.

Sasa upande wa pili wa swali letu, wa kusomwa.

Ile programu ya video fupi fupi unayoifungua "dakika mbili tu" kabla ya kulala, nayo pia huuliza, hutazama jibu, kisha huamua la kukupa. Tofauti ni kwamba haikuulizi kwa maneno. Kidole chako ndicho kinachojibu. Umesita kwenye video ya mpira sekunde nne zaidi, imeandika. Umeruka mawaidha, imeandika. Umetazama mara mbili kitu ambacho usingependa mamako ajue, hicho ndicho imekiandika kwa wino mzito. Kesho itakuletea kinachokufuata wewe, si jirani yako. Ni mwalimu hodari kuliko walimu wote tuliowataja, ila kipimo chake cha kufaulu si ulichokijua. Kipimo chake ni muda uliokaa.

Ndiyo maana mtu akiniambia, "Simu yangu ni ya kusomea," mimi humuuliza swali dogo: mara ya mwisho ilipokusahihisha ni lini? Ikiwa kila ikupacho wakipenda, hiyo haikusomeshi.

Na kila kinachokufuata lazima kikujue. Programu ya nyakati za swala na kibla haiwezi kufanya kazi bila kujua ulipo. Mwaka 2020 waandishi wa Marekani walifichua kuwa habari za mahali walipo watumiaji wa programu moja mashuhuri ya Waislamu zilikuwa zikipitia kwa kampuni ya kununua data, ambayo wateja wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu wakasema wamekata uhusiano na kampuni ile. Sisemi ili muogope kuswali kwa wakati, nasema mwende kwenye mipangilio ya simu, mtazame ni programu gani zaruhusiwa kujua mahali ulipo, na kwa nini ile ya tochi iwe mojawapo. Mzazi, kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hapa Kenya, na kwayo data ya mtoto haitakiwi kuchukuliwa bila idhini ya mzazi au mlezi. Mara nyingi idhini hiyo huitoa wewe mwenyewe, kwa kubonyeza "nakubali" ili mtoto akuachie upate kupika.

Tuje kwenye Ramadhan yenyewe, kwa sababu siku hazingoji.

Msahafu wa Madina una kurasa 604, juzuu ni kama kurasa ishirini. Kuna hesabu mashuhuri ya kusoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi, ukamaliza juzuu kwa siku. Ni hesabu nzuri kwa anayesoma kwa wepesi. Lakini kila mwaka huona vijana wanaojipa hesabu hii siku ya kwanza, siku ya tano wako nyuma kwa juzuu mbili, siku ya tisa msahafu umefungwa mpaka mwaka ujao, na aibu juu. Aliyekwambia kipimo chako ni cha mwenzako ni nani? Siku tatu za mwanzo soma kwa saa, si kwa kurasa. Tazama dakika ishirini zakupeleka wapi bila kukimbia herufi. Hicho ndicho kiwango chako cha Ramadhan hii. Ukiwa ni ukurasa mmoja kila swala, ni zaidi ya kurasa mia kwa mwezi. Na mwenye kusoma kwa kugugumia ajue Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa asomaye kwa tabu ana ujira mara mbili.

Sauti utakazozihitaji zipakue mara moja, mahali penye intaneti ya bure, kisha uzime data. Hapo simu huwa kalamu ile ya mahujaji: yakusomea, na haina lake jengine. Mwenye kusoma kwa simu huku data iko wazi ajue kila aya atagongewa mlango mara mbili. Na ukishafika mahali pa kukopa Okoa Jahazi ili uendelee kutazama video, sijui hiyo ni jahazi gani inayookolewa.

Jambo kubwa nililotaka kuwaombeni ni lile la Botswana. Katika mtaa huu kuna mama ambaye hakupata kusoma, naye hawezi kuja darsa baada ya alasiri kwa sababu saa hiyo ndiyo ya jikoni, sambusa na kaimati hazijikaangi. Wakati wake ni baada ya alfajiri, nyumba imetulia. Kuna dereva wa tuktuk ambaye wakati wake ni saa sita za usiku. Kuna mtoto wa darasa la tano ambaye kuzidisha kumemshinda, na mamake amemficha kwa aibu. Hakuna darasa linaloweza kuwakusanya hawa watatu. Simu yaweza, mmoja mmoja.

Kwa hivyo kila kijana aliyehitimu, au aliye kidato cha tatu kwenda juu, achukue mtu mmoja. Mmoja tu, asichukue watano kwa jazba ya usiku huu. Ampigie mara mbili kwa wiki, dakika kumi na tano, kwa saa anayoiweza yule mwenye kusoma. Simu ya kwanza isiwe ya kufundisha, iwe ya kusikiliza: msomee nisikie ulipofika. Andika kwenye daftari alipokosea. Simu ya pili uanzie hapo hapo. Wanawake wachukue wanawake na wanaume wachukue wanaume. Ikiwa ni mtoto, simu ipigwe kwa mzazi, loudspika iwashwe, na mzazi akae hapo hapo hata kama hajui hesabu. Kule Botswana wazazi walikaa vivyo hivyo, na wengi wao walimaliza wakijua vizuri zaidi kiwango cha watoto wao.

Katibu wa vijana ana karatasi mbili hapo mlangoni. Moja ni ya wanaojitolea, ya pili ni ya wanaotaka kupigiwa. Wasiotaka majina yao yaonekane wamnong'oneze tu, au wamtume mtoto. Andika namba, saa inayokufaa, na mahali ulipofika, hata ikiwa ni alif na ba. Simu za kwanza zitaanza Jumamosi baada ya alfajiri, inshaallah, na bando la wale wanaojitolea wasiokuwa na uwezo litatoka kwenye sanduku la futari, wazee wameshakubali.